Kidude Alichokuwa Akikitoa Fundi

Mtaani walimwita Fundi Toa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Gari lolote likifika karakanani kwake, kabla hata hajauliza linaumwa nini, alifungua penye mpira wa maji juu ya injini akatoa themostati, kile kidude cha kuenea kiganjani kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

"Hiki ni cha nchi za baridi," alisema, akakitupia koponi. Miaka kumi na minane alikuwa akitoa, na hakuna aliyerudi kulalamika kwa hilo.

Dada yake, mkunga, alinunua gari la porini lililokwishatumika sana, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, ili kila Alhamisi apande nalo hadi zahanati ya mlimani. Fundi alilipokea kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo akatoa.

Bondeni gari lilitulia kama maji ya mtungini. Lakini mlimani, kwenye kona ya tatu, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, mvuke ukafuka, na mkunga akageuza kurudi. Alhamisi mbili zikapita hivyo. Fundi alibadilisha pampu ya maji, akaosha rejeta, akafunga mipira mipya. Wapi.

"Mdogo wangu," dada alimwambia, amesimama mlangoni wala hataki kukaa, "huko juu kuna wajawazito kumi na mmoja sijawaona. Alhamisi hii nikikwama tena, gari nalipeleka kwa yule fundi wa barabara kuu. Usije ukaninunia."

"Nimenuna lini mimi?"

"Tangu azaliwe, wifi," mke wa fundi alidakia kutoka jikoni.

Fundi alicheka, ila cheko lenyewe halikufika mbali. Gari la dada yako likihamia kwa fundi mwingine, nani atakuletea lake?

Jumatano mchana alikaa jikoni ameshika tama. Mkewe alikuwa akikatakata vitunguu.

"Kila kitu nimebadilisha," alisema.

"Na kile unachotoaga?"

"Kile hakina kazi."

"Kwa hiyo waliokitia walikosa la kufanya?"

Fundi aliinuka. Alikwenda karakanani, akakitoa koponi kidude cha gari la dada, akarudi na kunyoosha mkono kwenye sufuria.

"Siyo hiyo," mkewe alisema. "Hata hiyo siyo. Chukua ile isiyo na mkono."

Akakitumbukiza kwenye maji, akawasha jiko. Maji yalipokaribia kuchemka, kidude kikafunguka juu, kama alivyojua siku zote. Lakini chini kilikuwa na kisahani, nacho kikashuka wakati uleule. Hicho hakuwahi kukitazama. Kinashuka kwenda kuziba nini?

Alitoka nacho ndani ya kitambaa, kingali cha moto. Akafungua injini, akaingiza kidole, akapapasa. Chini kabisa kulikuwa na tundu la pili, upana uleule wa kisahani. Alisimama hapo muda mrefu, kidole kimo ndani. Bila kisahani cha kuliziba, maji ya moto yalikuwa yanapita tundu hilo na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta kupoa. Bondeni, yale machache yaliyofika yalitosha. Mlimani hayakutosha. Na tangu dada alinunue, hakuna fundi mwingine aliyekuwa ameligusa gari hili.

Alhamisi, kidude kikiwa kimerudi mahali pake, walipanda pamoja, dada akiendesha. Kona ya tatu, mshale ulikaa katikati. Ya nne hivyohivyo. Ya tano pia.

"Haya, ilikuwa nini?" dada aliuliza.

Angeweza kusema pampu. Dada asingejua.

"Ilikuwa mimi. Nilitoa kitu kisichotakiwa kutolewa."

Dada alibadilisha gia kwanza. "Gari la Mwalimu, jirani yako, si injini kama hii?"

"Ndiyo hiihii."

"Lile lililokuwa likichemka, ukamwambia limeshazeeka, alipumzishe?"

"Hilohilo."

Walipofika zahanati, dada alishusha mkoba wake, akaenda kwa wajawazito wake.

Kesho yake asubuhi Fundi aliingia uani kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa akifua mashati, na gari lake lipo kando ya ukuta, boneti imepangwa ndoo na madebe. Fundi alisema alichokuja kusema, chote, bila kukizungusha.

"Miaka miwili natembea kwa miguu," Mwalimu alisema, "kwa kukusikiliza wewe."

Akakamua shati, akalianika, akachukua jingine. Fundi alibaki amesimama na spana yake. Shati la tatu lilipokwisha kuanikwa, Mwalimu alijifuta mikono, akashusha debe moja.

"Haya mengine shusha mwenyewe."