Kiganja cha Mtunza Panya
Mtunza panya wetu hakufungua tundu hata moja kabla ya kuwaamkia panya kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa sauti ile ile aliyotuamkia sisi. Mwaka huo wa tisini na sita tulikuwa tunajaribu mzizi kwa panya walioumizwa ubongo. Wenye alama ya kijani mkiani walinyweshwa dawa, wenye nyekundu maji matupu. Kila asubuhi aliwapitisha mmoja mmoja juu ya ubao mwembamba, nami niliandika nani ameanguka. Mzizi ulichimbwa na mama yake, mganga wa Bujora, na kila Jumapili alipokwenda kumsalimia aliulizwa, "Panya wangu wamepona?"

Shida ilikuwa mkono wake. Panya akiyumba tu, kiganja kimeshafika chini kumdaka, awe wa kijani au wa nyekundu. Nilimkataza mpaka nikachoka. "Mkono hausikii, dokta," alijibu. Jumamosi ya mwisho nilikuwa nachonga penseli. Nilipoinua kichwa, panya wa kijani alikuwa ametulia kiganjani mwake.

"Amevuka?" niliuliza.

Aliupapasa mkia kwa kidole gumba.

"Andika ameanguka."

Kesho yake ilikuwa Jumapili.