Beti Zilizokatwa

Mwezi uliopita nilipita Karuba kwa gari la kubeba viazi. Kwenye kona ya kwenda Mushaki vijana walikuwa wanachimba mtaro wa maji ya mvua, huku wanaimba: "Tulia, tulia, mama iko hapa." Majembe yalishuka pamoja. Dereva akaanza kupiga vidole kwenye usukani kuwafuata. Nikamwambia afunge kioo. Akanitazama kama bibi mwenye roho mbaya, na hakukosea sana, maana wimbo ule nauchukia tangu utotoni.

Wewe uliyekulia kwingine huenda hujui kwamba zamani zile, wakati wa Wabelgiji, kilima chetu kilikuwa na chama cha watunzi wa nyimbo. Ndiyo, chama kamili, na mkubwa wake na sheria zake. Kilikutana Jumapili baada ya misa, ndani ya banda la kukaushia pareto, kwa sababu mle kulikuwa na joto, na nje ukungu ulikuwa unakata masikio. Mpaka leo nikisikia harufu ya maua yale makavu, pua inawasha na tumbo linadai viazi. Akina mama walivichoma kwenye majivu, tukavila na mashanza, yale maziwa ya kuganda ya wenye ng'ombe, tukiungua ndimi. Siwezi kusema uongo: zilikuwa saa tamu kuliko zote za juma.

Mkubwa wa chama alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu mwembamba mwenye koti moja na maneno machache. Vijana walimjia kutoka vilima vya mbali awafundishe kutunga. Alifundisha hivi: mtunzi anasimama, anaimba wimbo wake mara moja, kisha ananyamaza, na kikundi kizima kinamrudishia. Walichokishika kinabaki. Walichokisahau kinakatwa, na mtunzi mwenyewe hana ruhusa ya kukiimba tena popote.

"Yenye bantu banasahau, haikukuwa na nguvu," mwalimu alikuwa anasema.

Hakukuwa na kukata rufaa. Nilimwona mwanaume mwenye ndevu akilia kama mtoto aliyenyang'anywa kiazi, na watu wanacheka mpaka vumbi la maua linawapalia. Nami nilicheka. Ilikuwa inachekesha kweli, mpaka zamu ilipofika nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa, na mume wake alikuwa migodini, upande wa Walikale, karibu na Mubi. Alimwacha na mimba. Mtoto akazaliwa nyumbani kwa mama yetu, akaishi siku chache, akafa kabla padri hajapita kumbatiza. Kwa hiyo hakuzikwa kwenye makaburi ya misheni. Alizikwa nyuma ya shamba la njegere, bila msalaba, bila jina. Majirani wakamwambia dada asilie sana, atazaa wengine. Walisema hivyo huku wanachambua maharage, hata macho hawakuinua.

Dada hakubishana nao. Alitunga wimbo. Alitaka mume wake amjue mtoto wake, na njia nyingine hakuwa nayo: kuandika hakujua, na picha ilikuwa mambo ya Wazungu. Lakini wimbo wowote uliopitishwa na chama ulitembea. Wanaume waliokwenda kutafuta kazi migodini waliubeba, wakauimba njiani msituni, na baada ya muda kila mtu kule aliujua. Kiitikio kilikuwa cha kubembeleza tu, tulia, tulia, mama iko hapa. Mtoto mwenyewe alikuwa ndani ya beti: alivyokuwa, alivyofanya, alivyofanana na nani. Dada alizitunga akipalilia, akizirudia kando yangu mpaka nikazijua zote.

Jumapili yake ilipofika aliimba bila kutetemeka. Hakuna aliyecheka, nikadhani tumeshinda. Kisha kikundi kikaanza kurudisha. Kiitikio kilitoka kwa nguvu, banda likavuma, miili ikayumba yenyewe. Walipofika kwenye beti wakagugumia, wakatazamana, wakarudi haraka kwenye kiitikio kama watu wanaokimbia mvua. Sijui mpaka leo kama walisahau kweli ama waliogopa kumtia mdomoni mtoto asiyebatizwa. Nikasimama mimi, nikaziimba beti zote mpaka mwisho.

"Ikala, mama," mwalimu akaniambia kwa upole, akinionyesha nikae. "Sauti ya mutoto hatuihesabu." Akamgeukia dada. "Mwimbo yako iko muzuri sana. Tunabakisha hii ya tulia. Ingine tunakata."

Wakampigia makofi. Wakampa kiazi kikubwa kuliko vyote, cha heshima, naye akakila.

Kapita, msimamizi wa shamba la Mzungu, aliusikia wimbo ule akaupenda kuliko sisi. Mwendo wa kumbembeleza mtoto ni uleule wa kuinua jembe na kulishusha. "Njo mwimbo hii!" alipiga kelele, yaani ndio huu wenyewe. "Muimbe, mulime!" Dada alikuwa kwenye mstari pamoja na wengine, na aliyenyamaza fimbo ilimtafuta. Aliimba. Alimlimia Mzungu pareto yake kwa wimbo wa mtoto wake, asubuhi mpaka jua kuzama.

Mvua ziliporudi, mume naye akarudi. Tulimsikia kabla ya kumwona, anapanda kilima na mzigo kichwani, anaimba kwa furaha: tulia, tulia, mama iko hapa. Dada alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Ule mwimbo, nani alikufundisha?"

"Bantu bote ba kule banauimba," akajibu, anacheka. "Tunachimba nao. Iko mutamu! Na mutoto iko wapi?"

Nikafungua mdomo nianze ubeti wa kwanza. Dada akanipiga kofi, yeye ambaye hakuwahi kunigusa. "Ilikatwa," akasema. Kisha akampeleka mume wake nyuma ya njegere, akamwonyesha udongo.

Banda lile lilioza, pareto ikang'olewa. Mwalimu alikufa akiheshimiwa, na chama kikafa naye. Nilizipenda zile Jumapili, rafiki yangu, na bado nazipenda, hilo ndilo linaloniudhi. Dada tulimzika miaka mingi iliyopita. Alipokuwa mgonjwa nilimwomba anipe beti zake, walau mmoja. Akaniambia hajui ninazungumza nini. Pengine alikuwa amesahau, pengine alikuwa bado anatii. Mimi niliyezijua zote, limenibakia neno moja tu, kisigino. Katika ubeti mmojawapo kulikuwa na kisigino cha mtoto. Kilifanya nini kile kisigino, sijui.