Noela na herufi zinazolinda video za kina mama Mbagala

Asubuhi, Mbagala Rangi Tatu. Spika za duka la jirani zimeshaanza kupayuka, lakini Noela Gregori hana habari nazo. Mkoba bado uko begani. Anawasha kompyuta kubwa ya studio, anaandika amri fupi, kisha anainama kusoma herufi zilizojipanga pembeni mwa jina la folda yake: drwx------.

"Nikiviona hivyo vistari vimekaa mahali pake, mie sina presha," anasema huku akishusha pumzi.

Noela, mama wa watoto wawili mwenye asili ya Masasi, hupiga na kuhariri video za shughuli za kina mama. Si za ukumbini kwenye keki na MC, bali za chumbani anakofundwa mwali. Huko simu zote hukusanywa mlangoni kwenye beseni, na mwanamume hatii mguu, hata awe baba mzazi. Kamera inayoruhusiwa ni ya Noela peke yake, ili shangazi na mama wadogo walioshindwa kusafiri nao wamwone mtoto wao alivyochezwa.

Kompyuta ya studio hutumiwa na wahariri wote, kila mmoja kwa jina lake la kuingilia. Mwenye studio, Mfaume, aliagiza kila kitu kiachwe wazi kwa wote. Nia yake ilikuwa ya kiungwana: mtu akipata msiba, mwenzake aendeleze kazi bila kumsumbua mfiwa. Nani angebisha? Uswahilini anayefungafunga vitu vyake huitwa mchoyo.

Mwaka jana, mhariri mwenzake, Valerian, alikuwa akitafuta vipande vya harusi vya kuonyesha kwenye televisheni inayotazama barabarani. Akaingia kwenye folda ya Noela, akaona kina mama wamejifunga kanga wanacheza, akadhani ni shamrashamra za kawaida. Kufumba na kufumbua, kungwi Bi Yuliana na wenzake wakawa wanakata viuno mbele ya wauza machungwa na madereva wa bodaboda.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," Noela anakumbuka.

Kina mama walimsusa. Ikapita miezi hajaitwa shughuli hata moja, akawa anapika vitumbua ili watoto wale. Lakini kilichomuuma zaidi si njaa. Wanawake waliompokea mjini kama binti yao sasa walikuwa wakimpita njiani kimya.

Valerian, aliyejutia kosa lake, ndiye aliyeketi naye kumfundisha kusoma zile herufi. Ya kwanza, d, huonyesha kwamba hii ni folda. Zinazofuata husomwa tatu tatu: za mwenye mali, za kundi lake, yaani wahariri wenzake, kisha za watu wengine wote. Herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ya kubadili, na x kwa folda ni ruhusa ya kuingia. Penye kistari, ruhusa hakuna.

"Kumbe siku zote ilikuwa imeandikwa pale kwamba yeyote na apite," anasema Noela. "Mie nilikuwaga naona kama takataka tu za kompyuta."

Akafunga faili moja moja, kisha akamwomba Bi Yuliana aje ashuhudie. Kungwi akaja na wenzake wawili. Valerian akajaribu kufungua nakala ya majaribio, mashine ikamkatalia. Vigelegele vilikuwa vimeshafika kooni, Bi Yuliana akainua mkono.

"Kuangalia hawezi. Na kuitupa, je?"

Valerian akajaribu. Faili likatoweka.

Noela alikuwa amefunga mafaili, lakini kwenye folda yenyewe kundi lilibaki na w yake, na ruhusa ya kufuta hutoka kwenye folda. "Nilifunga sanduku nikaacha chumba wazi," anaeleza. "Mtu hawezi kulifungua, lakini kulibeba anaweza." Akairekebisha folda pale pale. Valerian alipojaribu tena, akakwama mlangoni.

"Sasa kabaki nani anayeweza kuingia?" akauliza Bi Yuliana.

Mfaume alikuwa amesimama kando, anasikia. Noela angeweza kusema hakuna mtu, yakaisha.

"Bosi, bibi. Yeye ndiye mwenye nywila kuu ya mashine. Herufi hizi hazimzuii."

Mfaume akakohoa. Kina mama wakatazamana, wakabeba mikoba yao, wakaondoka.

"Nililia. Nilijua nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe," anasema.

Wiki iliyofuata simu iliita. Mjukuu wa Bi Yuliana alikuwa anaolewa, na Noela alitakiwa na kamera yake, kwa sharti kwamba video isilale studio.

"Nikamuuliza, bibi, mbona mmenirudia? Akanijibu, 'Kompyuta mie sizijui, mwanangu. Siku ile tulikuja kukuangalia wewe.'"

Sasa Noela anajichanga anunue mashine yake na kufungua chumba cha uhariri cha wanawake watupu huko Kongowe. Nywila kuu itakuwa mikononi mwake, na hilo limemfikirisha sana.

"Nikishawakabidhi video yao, naifuta wao wakiwa wamekaa hapo wanaona," anasema. "Hata mie nisibaki nayo."