Bashrafu Iliyotiwa Maneno

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Mwanakwerekwe. Biriani lilikuwa zuri, spika zilikuwa kubwa kuliko bwana harusi, na katikati ya shughuli wakapiga wimbo wa muhogo. Wanawake wakainuka na noti zao kwenda kumtunza mwimbaji. Msichana aliyekaa karibu yangu akaniambia huo ni wimbo wa asili, wa zamani sana. Sikumbishia. Lakini wewe nitakusimulia, kwa sababu mimi niliusikia kabla haujawa na maneno.

Tulikaa Kiponda, bibi yangu na mimi, ghorofa ya kati. Juu yetu alikaa mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa hakusomesha skuli yoyote. Aliongoza kundi la taarabu: fidla, udi, nai na kanuni ya nyuzi nyingi, na yeye amesimama mbele yao bila ya chombo, ana kidole cha shahada tu, na kidole hicho kiliwatosha wote. Baada ya mapinduzi nusu ya wapigaji waliondoka, na watu walijifunza kutouliza wamekwenda wapi. Kanuni ilibaki imeegemezwa ukutani kwake, haina mpigaji. Asubuhi bibi akichambua mchele, siku ulipopatikana, tulimsikia Mwalimu juu akitembea huku na huku, akiimba kwa puani.

Alikuwa akitafuta bashrafu. Bashrafu ni muziki usio na maneno, unaofungua taarabu watu wakiwa bado wanatafuta viti na kuulizana hali. Takriban hakuna aliyeusikiliza. Mwalimu aliamini kwamba hicho ndicho kitu bora walichotuachia wazee, na moja hasa, yenye vifungu vinne, ilikuwa haijapigwa tangu ujana wake. Vitatu alikuwa navyo kichwani. Cha nne alikuwa nacho mtu mmoja tu, mpiga fidla wa zamani aliyekuwa kibarua katika shamba la mikarafuu Kizimbani. Jumapili Mwalimu alipanda basi kwenda kwake, na akirudi alikuja akiimba kile kipande alichopewa siku ile, haitiki salamu ya mtu, asije akakidondosha njiani. Watoto wa mtaa walimfuata wakibweka kama mbwa ili wamkoroge. Bibi alitoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, umebeba yai?"

Mtaa ukacheka. Yeye hakugeuka.

Kifungu cha nne kilipotimia kilikuwa cha ajabu. Vitatu vya mwanzo vilikwenda kwa mwendo wa raha, kisha hiki kikaanza kuchechemea, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Nilikisikia jioni nyingi kupitia dari, huku nikipeta mchele au kumenya muhogo, ambao ndio uliokuwa chakula chetu siku nyingi.

Wakati huo wimbo haukupigwa hadharani mpaka maneno yake yapitishwe na mkaguzi. Mkaguzi wa mtaa wetu alikuwa kijana aliyewahi kupiga rika, kile kidufu cha njuga, katika kundi hilo hilo, na Mwalimu alimtoa kwa sababu alikuwa hashiki mapigo. Alikuja kusikiliza nyumbani. Mlango uliachwa wazi kwa joto, na sisi majirani tulijaa kwenye ngazi. Walipomaliza, aliuliza maneno yako wapi. Mwalimu akasema bashrafu haina maneno.

"Huu unamsema nani?"

"Haumsemi mtu."

"Basi kwa nini umeyaficha?"

Usimcheke. Mji wetu ni mji ambao kila wimbo una mtu wake; mwanamke akiinuka kutunza kwenye mstari fulani, mwenzake aliyekaa pembeni anajua kwamba ametukanwa. Kwa watu kama sisi, wimbo usio na maneno ni wimbo ambao maneno yake ni mabaya hayasemeki. Hata baadhi ya majirani pale kwenye ngazi walitikisa vichwa kukubali.

"Mwalimu," akasema mkaguzi, kwa adabu kabisa, "ulinambia sina sikio. Leo sikio linalotakiwa ni langu."

Kisha akaeleza: au bashrafu itiwe maneno, au vyombo vyote vichukuliwe. Mwalimu alikubali. Alitaka isikike, kwa namna yoyote.

Maneno yalitungwa kuhimiza kilimo cha muhogo. Yaliingia katika vifungu vitatu. Katika cha nne hayakuweza kuingia, kwa sababu ya ule mchechemeo, na mkaguzi akasema kile kilichopinda kikatwe.

Siku ya sikukuu ukumbi ulijaa. Mwalimu aliinua kidole chake, wasichana waimbaji wakaanza, na walipofika "muhogo mchungu ng'oa, upande ulio mtamu" ukumbi ulilipuka. Wanawake hawakusikia kilimo. Walisikia wake wenza. Walipangana mstari kutunza, na bibi yangu alikuwa miongoni mwao, noti juu, macho kwa jirani wa kibarazani ambaye walikuwa hawasemezani. Akapita mbele ya Mwalimu akimwambia, "Leo umepika." Mwalimu aliendelea kuongoza. Kidole chake hakikutetereka. Waliuomba urudiwe, akaurudia.

Hakuna wimbo wake uliopendwa kuliko huo. Aliupiga kila harusi mpaka alipoacha kuongoza, na watu wakampa jina: Mwalimu Muhogo. Alizikwa nalo. Mzee wa Kizimbani alikuwa ameshatangulia, na wapigaji walikisahau upesi kile kifungu cha nne ambacho hakuna aliyewaomba.

Ukubwani nilijifundisha noti za muziki kwa vitabu vya kuazima, polepole, bila ya mwalimu. Vifungu vitatu nimeviandika, na kila nikiviandika maneno ya muhogo yanakuja yenyewe, siwezi kuyafukuza. Cha nne ndicho pekee kisicho na muhogo ndani yake. Nimebakiwa na mapigo yake tu, sauti zake zimenitoka. Hukaa nikayagonga mezani kwa vidole, sawasawa, bila kukosea, na ninachosikia ni meza.