Kitovu cha Laptopu

Kuna watu wakipofuka hujifunza kusikiliza. Mzee wetu huyu alijifunza kulala.

Simsemi kwa uvivu, maana yeye na uvivu hawakuwahi kukaa nyumba moja. Maisha yake yote alikuwa mchora mabango. Maduka, saluni, magereji, ubao wa zahanati, hata lile onyo la "Ni marufuku kukojoa hapa" kwenye ukuta nyuma ya soko, ambalo watu walilisifu kwa uzuri wa herufi huku wakiendelea kukojoa. Walimwita Fundi Herufi. Alipanda ngazi kopo likining'inia mkononi na brashi ya pili mdomoni, na mstari wake ulinyooka bila rula. Kisha presha ya macho ikaanza kumla taratibu, kwanza pembeni, halafu ikaingia ndani, mpaka siku moja akiwa juu ya ngazi akawauliza waliokuwa chini kama jua limeshatua. Ilikuwa mchana kweupe. Akashuka, akaosha brashi zake kwa mafuta ya taa, akazifunga kwenye kitambaa, basi. Hakupanda tena.

Lakini ndotoni aliona. Hilo hakuna aliyemwandaa kwalo. Akifumba macho na usingizi ukimchukua, ukuta wenye giza unafunguka, na rangi zinarudi zote: kijani cha chupa, nyekundu ya tofali, ile samawati aliyokuwa akiichanganya mwenyewe na kumficha kila mtu kipimo chake. Alitembea humo polepole, mikono nyuma, akisoma mabango ya maduka ambayo hayajajengwa popote. Akiamka, rangi hukaa naye kidogo, kisha zinaondoka moja moja bila kuaga. Ndoto haina mkia wa kuishika. Ndipo alipoamua kuziandika.

Binti yake, aliyekuwa karani katika ghala la mbao na ndiye aliyeishi naye, akampa laptopu yake kuukuu iliyokuwa imechakaa kazini. Ilikuwa na uwezo wa kusoma kwa sauti, ila Kiswahili ilikisoma kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, wakaizima hiyo sauti. Wakakubaliana: baba ataandika, na siku za mapumziko binti atamsomea alichokiandika. Akamshika vidole, akamwonyesha herufi moja moja, kwa subira ambayo hata mimi ninayesimulia sina.

Na hapo katikati ya vitufe mzee akakuta kitu. Vitufe vingine vyote vilikuwa bapa, hata vijistari vya F na J vilikuwa vimesuguliwa na kazi vikaisha, lakini kimoja kilikuwa kidude laini cha mpira, kimechomoza kidogo. Akakibonyeza, kikaandika H. Akakiita kitovu. Kutoka kitovuni alihesabu safari zake zote: hatua moja kushoto, moja juu, mbili kulia. Akafurahi sana, akawaombea dua watengenezaji kimoyomoyo kwamba wametukumbuka na sisi tusioona. Jamani, hakuna aliyemkumbuka mtu. Kifuniko cha H kilikuwa kimeng'oka zamani kule ghalani na kufagiliwa pamoja na maranda ya mbao. Binti hakujua kwamba baba yake anakitumia kama dira, na baba hakujua kwamba laptopu za watu wengine hazina kitovu. Kila mmoja aliona jambo liko wazi, na jambo lililo wazi nani huliuliza?

Basi aliandika. Aliandika mitaa na mabango, aliandika kuta. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ndicho kilichomfanya alale mchana na usiku kwa bidii kama mwenye ajira. Mke wake alikuwa amefariki kabla macho hayajaharibika, na katika ndoto zake alimkuta mara nyingi, lakini kila mara amempa mgongo. Yuko kwenye kamba ya nguo, anaanika. Yuko dirishani, anatia uzi kwenye sindano. Mzee anamwita, naye anajibu vizuri tu, "Abee, nakuja," bila kugeuka. Picha zake zilikuwa ukutani, na picha kwa kipofu ni kioo cha baridi tu. Sura ya mkewe ilikuwa inamtoka. Alikuwa akijitahidi kuikumbuka pua, yanapotea macho. Akiyapata macho, mdomo hauko. Alimwambia binti yake siku moja, bila kuzunguka: "Namsahau mama yako, na naogopa." Binti akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nadhani ndiyo sababu binti akaingiwa na hamu ya kutengeneza kitu, chochote kinachotengenezeka. Laptopu yenyewe ilikuwa imepoteza miguu miwili ya mpira kwa chini, kwa hiyo ilicheza mezani kila mzee akibonyeza, tak, tak, na kipande cha boksi kilichokunjwa chini yake kilikuwa kikiteleza. Bawaba ya kifuniko nayo ililegea. Na lile pengo la H lilimchoma kila alipolitazama. Baba yangu hawezi kuwa anaandikia kitu chenye mapengo, akasema moyoni, kama vile sina uwezo. Akapiga simu huduma kwa wateja, akaiweka kwenye spika.

"Simu yako ni muhimu kwetu," sauti iliyorekodiwa ikasema.

"Basi ipokeeni," akaijibu.

Ikampigia muziki. Ulikuwa muziki mwororo usiokuwa na mwanzo wala mwisho, na mzee kwenye kiti chake karibu na dirisha akaanza kusinzia nao. Mwishowe akapokea msichana mmoja mwenye sauti ya upole na uchovu.

"Kitufe kimoja hatuuzi, dada. Ni kibodi nzima."

"Yaani kifungo cha shati kikidondoka, nyinyi mnamuuzia mtu shati?"

"Ndivyo mfumo ulivyo, dada yangu."

"Na miguu?"

"Miguu ipo," msichana akasema, na sauti ikachangamka kidogo. "Kwenye miguu hatuna tatizo kabisa."

Mzee alisikia yote. Alisikia kwamba kuna kitufe kimeng'oka, akapitisha kiganja juu ya kibodi asione palipopungua, akafikiri ni kimojawapo cha pembeni huko ambacho yeye hakitumii. Alisikia pia furaha katika sauti ya binti yake, na ilikuwa muda mrefu hajaisikia. Akanyamaza. Laptopu ikapelekwa mjini kwenye ofisi yao, ikakaa huko, mzee akawa anaota na ndoto zinamwagika tu.

Iliporudi, ilikuwa Jumamosi mchana. Binti akaiweka mezani, akaibonyeza kila pembe kwa kiganja, haikucheza. Akafungua kifuniko, bawaba ikakaa palepale alipoiachia.

"Hebu iguse, baba."

Akaigusa juu juu. "Nyororo," akasema. "Imekuwa bibi harusi." Binti akacheka, akachukua beseni la nguo, akatoka kwenda kufua uani. Mzee akaegemea kiti, jua la dirishani likimwangukia mapajani, na usingizi ukamchukua kabla hajaupigia hodi.

Alikuwa kwenye chumba kilichopakwa rangi ile ya samawati, ile ya siri. Hakuna aliyemwambia ni chumba cha nani. Mkewe alikuwa mbele yake, mgongo kama kawaida, anapanga vitu kwenye rafu ambayo haikuwa na vitu. Safari hii mzee hakumwita. Alisimama tu, akatazama shingo, kilemba, mkono unavyopanda na kushuka, na akawaza kwamba hata mgongo unatosha, hata mgongo ni neema. Na hapo, kwa kuwa hakuna aliyemharakisha, mke akageuka.

Akaamka nayo sura yote, mbichi. Hakusema neno asije akaimwaga. Akainuka na kupapasa mpaka mezani, akakaa, akapeleka kidole katikati kutafuta kitovu.

Hakikuwepo. Akatafuta juu, akatafuta chini. Vitufe vyote bapa, na vijistari viwili vyembamba alivyovigusa hakujua ni vya nini, ukuta uliopigwa plasta. Sura ilikuwa bado ipo, lakini imeanza kwenda pembezoni, kama rangi mbichi inayonyeshewa. Kama nitamwita huyu mtoto nitaongea, akawaza, na nikiongea imekwenda. Akakisia. Akaweka vidole pale alipodhani ndipo, akaandika yote, haraka, bila kupumzika, alichokiona kuanzia nywele mpaka kidevu, na kadiri alivyoandika ndivyo ilivyomtoka. Alipofika mwisho, kichwani kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu: kwamba aligeuka. Lakini hakuwa na wasiwasi mkubwa. Mashine imeshika, akajiambia.

Binti aliingia na mikono yenye povu.

"Amegeuka," mzee akamwambia. "Mama yako. Nimemwona. Nimesahau tena, lakini nimeandika. Nisomee."

Binti akafuta mikono kwenye gauni, akainama.

"Baba, hapa hakuna maneno."

"Soma tu kilichopo."

"Es. Mkato. Ar. Hechi. Ar tena..." Akaacha. "Ni herufi zimemwagika, baba. Mwanzo mpaka mwisho."

"Kitovu kiko wapi?"

"Kitovu gani?"

Akamweleza. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mgeni njia, kwamba pale katikati palikuwa na kimpira ambacho watengenezaji wamewawekea vipofu. Binti alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Alipoelewa alichokifanya, akakaa sakafuni palepale. Alikuwa amempokonya baba yake macho kwa mara ya pili, na alifanya hivyo kwa upendo, na upendo haukumsaidia kitu.

"Usilie," mzee akasema. "Umetengeneza vizuri. Haichezi tena." Na hilo ndilo lililomliza kabisa.

Binti akapiga simu. Muhimu kwetu, muziki, muhimu kwetu, muziki. Akapokea yule yule msichana.

"Naomba mnirudishie kibodi yangu ya zamani."

"Ile mbovu?"

"Ile mbovu."

"Dada, hizo zikitolewa zinapelekwa kusagwa. Kwani hii mpya ina tatizo gani? Nataka nijaze kwenye fomu hapa."

Na binti, ambaye kazini hata madereva wa malori walikuwa hawajawahi kumwona akitikisika, akamwaga yote kwa mtu asiyemjua. Macho ya baba, ndoto, mama, kitovu, na huu ukurasa uliojaa takataka ambao ndio ulikuwa na sura ya mama yake. Msichana hakumkatiza. Mwishowe akasema, "Nisomee neno la kwanza. Taratibu, na mikato yake yote."

Akamsomea: s,rhrils.

Kwenye simu zikasikika kucha zikigonga vitufe, zikasita, zikagonga tena.

"Dada, haya si takataka," msichana akasema. "Sisi huku tukikaa kitini upande, tunawaandikia wateja hivi hivi bila kutazama, mpaka msimamizi anatuchamba. Mzee mikono yake ilihamia kulia hatua moja, basi. Kila herufi unayoiona, chukua ya kushoto kwake. Hili neno la kwanza ni 'amegeuka'. Sijui ni nani, lakini amegeuka."

Binti akamgeukia baba yake.

"Kuna lingine ninaloweza kukusaidia?" msichana akauliza, kama walivyofundishwa, ila safari hii alikuwa anauliza kweli.

"Hapana, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Akavuta kiti karibu na cha baba yake. Akaweka kidole juu ya kibodi, akaanza kurudi kushoto, herufi moja, herufi moja, akiunganisha kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mzee aliinua kidevu, uso ameuelekeza dirishani. Nguo uani zilikuwa hazijasuuzwa, na hakuna aliyezikumbuka.

"Amegeuka," binti akasoma. "Kilemba kimerudi nyuma. Ana mvi. Nywele zote nyeupe, nyeupe ya chokaa iliyokwisha kukauka. Mashavu... yameshuka. Mikunjo kila upande wa macho, mitatu mitatu, myembamba, ya brashi ndogo. Mwanya wa meno ni ule ule. Mgongo umeinama kidogo. Amenitazama akacheka kwamba nimechelewa. Ni bibi kizee. Ni mke wangu."

Akarudi juu, akahakikisha herufi, zilikuwa sahihi.

"Lakini baba," akasema, "mama alifariki hana hata unywele mmoja mweupe."

"Najua. Nilikuwepo, na nilikuwa naona."

"Wala hakuwa na mikunjo. Alikuwa bado kijana."

Mzee alipeleka mkono kichwani kwake mwenyewe, akazipapasa nywele ambazo hajawahi kuziona zilivyobadilika, kisha shavu, kisha pembeni mwa jicho, akahesabu kwa ncha ya kidole.

"Miaka yote hii," akasema, "nilijua nazeeka peke yangu. Nikawa naogopa nikifika huko atakuwa msichana, mimi nimekuwa hivi, atanipita kama mgeni." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Kumbe naye anazeeka. Tunakwenda pamoja."

Binti akamshika mkono, naye akaubana.

"Hebu nisomee tena," akasema. "Anzia penye mvi."