Bakuli la Dona Graça

Mume wangu Naseeb ni fundi mwashi, tena fundi kweli. Ukimtuma jambo analifanya kama ulivyosema, na hilo ndilo balaa lenyewe.

Dona Graça, bibi wa Kireno hapa mtaani kwetu Rosettenville, alimwita azibe nyufa sebuleni. Alipotoka kwenda kanisani alimkabidhi bakuli la kale la Kichina, lenye samaki watatu wenye wekundu ule unaotokana na shaba. "Liweke mahali ambapo mwizi hawezi kulitoa," akamwambia.

Naseeb kwao Tongoni, Tanga, ambako wazee walijengea mabakuli ya Kichina kwenye makaburi. Akachimba ukuta, akapiga saruji, bakuli likaganda ukutani, juu ya televisheni.

Eish, yule bibi! Alimwita mume wangu punda kwa lugha tatu, nami nyumbani nikaongeza ya nne.

Mwezi uliofuata wezi wakaingia. Wakabeba televisheni, friji, hata geti. Ule ukuta waliugonga mpaka wakachoka, bakuli halikung'oka, wakaacha na nyundo yao sakafuni.

Jana Dona Graça kanunua televisheni mpya. Akampigia Naseeb simu, hasira bado anazo.

"Njoo, punda wewe. Na saruji yako."