Faili ya Butembo Inangoja Idhini Yangu

Mnifichie jina, na la kazini kwetu pia. Nina miaka ishirini na saba, naishi Ndosho hapa Goma. Nilisoma informatiki, na mimi ndiye ninayesimamia kompyuta za shirika lenye ofisi Goma na Butembo.

Serveri kuu iko kwetu Goma. Kompyuta zote huiuliza zijipange vipi, kisha zinatii. Ila kila ofisi ina faili yake ya mipangilio ya kudumu: kompyuta zisipoambiwa kitu kingine, zinafuata hiyo. Jambo la muda haliandikwi mule. Unaliamuru kila asubuhi, na siku ikiisha linapotea lenyewe. Haya nilifundishwa na mchumba wangu, kabla hajawa mchumba, tulipokuwa tunakaa meza moja. Alikuwa ananitania: "Madamu, usiandike kitu mule kama hujakiamini."

Alipotumwa Butembo, ambako ukoo wake unatoka, kuweka serveri ndogo ya huko, alisema ni kwa muda mfupi. Familia yake ilikuwa imekwisha kuja kwetu kujitambulisha, na mama alishaanza kuulizia vitambaa vya harusi soko la Birere. Kila asubuhi niliona amri yake ikiziambia kompyuta za kule zitii serveri ya Butembo kwa siku hiyo tu. Niliisoma kama wengine wanavyosoma ujumbe wa mapenzi. Niliamini mtu anayeamuru hivyo bado anajihesabu mgeni kule.

Wiki iliyopita amri haikuja. Badala yake ilikuja faili mpya ya Butembo, inangoja idhini yangu. Serveri yao iwe ya pale pale, siku zote. Msimamizi, yeye. Serveri ya Goma ameifuta humo.

Nikampigia simu mchumba wangu, ambaye mimi humwita Papa.

"Papa, hii ni ya kweli ao umekosea?"

"Sikukosea. Reseau ya internet inakatika kila mara, mashini zinangoja Goma bure. Ni kazi tu, sheri."

"Na miye? Miye pia nangoja bure?"



"Wazee wa huku wameongea sana. Kuko binti wa kwetu wanataka nimuoe, na nimekubali. Sikujua nikuambie aje."

"Ndiyo ukaniambia na faili?"

"Wewe unasomaka vizuri kupita batu bote. Nilijua utaelewa."

Tangu hapo silali, sili. Shefu wetu kazini anataka jibu langu kuhusu faili. Nikikataa, nitasema serveri ile haijajaribiwa vya kutosha, na hakuna atakayenipinga. Bila serveri ile hana kazi kule; atalazimika kurudi Goma, akae tena kando yangu. Nikikubali, kazi ya Butembo inakuwa yake moja kwa moja. Linaloniuma kupita yote ni kwamba faili yake ni nzuri. Nimeitafutia kosa huku nalia, sijaliona.

Ninyi mnaonisoma, hasa mliowahi kuachwa na mtu mliyekuwa mnamngoja, nisaidieni mawazo. Nimrudishe kwa uongo, ao niidhinishe mimi mwenyewe asirudi tena?